Ng'ombe Tunamkagua Meno, Hisa Tunafuata Kundi

Utotoni nilikuwa nikiandamana na babu yangu kwenye minada ya mifugo ya Bunda na Butiama. Hakuna aliyenunua ng'ombe kwa sababu tu jirani yake kanunua. Mnunuzi alitazama meno, akapapasa kiwele, akauliza mnyama alikotoka. Nimejiuliza mara nyingi: ujuzi huu hupotelea wapi mali inapogeuka kuwa karatasi?

Jibu, kwa maoni yangu, lina historia. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967 chini ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Lengo lilikuwa adilifu. Hata hivyo, mwiko wa kiongozi ukawa taratibu ugeni kwa raia: neno hisa likanuka ubepari, wala hatukufundishwa kusoma hesabu za kampuni. Miiko ile ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara mwaka 1998.

Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ndogo: TOL, watengenezaji wa gesi, ikiwemo oksijeni ya hospitali. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana mjini Musoma, mwenye akiba kidogo. Nilimwuliza mwenzangu kama tununue. Akacheka, nami nikacheka. Sikusoma hata ukurasa mmoja wa hesabu zake. Sisemi kwamba ningetajirika; nasema kwamba nilikataa kitu nisichokikagua.

Miaka michache baadaye taifa likaona upande wa pili wa kosa hilohilo. Maelfu walikimbilia DECI "kupanda mbegu", na mavuno ya waliotangulia yakatoka mifukoni mwa waliofuata. Serikali iliusimamisha mchezo huo mwaka 2009, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Mimi nilikataa kwa kuwa wenzangu walicheka. Wao waliingia kwa kuwa wenzao walishangilia. Sote hatukufungua mdomo wa ng'ombe.

Leo wanafunzi wangu hununua hisa kwa simu, na baadhi yao huniuliza kuhusu kampuni changa za ng'ambo zinazotafiti dawa na chanjo. Huko kundi hupita mbio au halipiti kabisa, maana sayansi yake ni ngumu. Ndiyo sababu fursa hujificha humo. Ndiyo sababu pia wengi hupoteza, kwani dawa nyingi hushindwa majaribioni kabla ya kufika dukani. Kupuuzwa na watu si ushahidi wa thamani, kama ambavyo kushangiliwa si ushahidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza nani amenunua, uliza: kampuni hii inatengeneza nini, inadaiwa kiasi gani, na fedha zake zitaisha lini? Babu yangu hakujua kusoma, lakini maswali ya namna hiyo aliyauliza kila siku ya mnada.