Shimo Lisilochimbwa

Ukitaja shimo, msikilizaji huona jembe au sururu: shimo la taka, la choo, la mgodi. Lakini nenda Jambiani, Unguja, kwenye Pango la Kuza. Paa la mwamba liliporomoka, na chini yake kuna maji baridi. Hapo hakuna aliyechimba.

Mchimbaji ni mvua. Maji yake yakipenya udongoni hubeba kaboni dioksaidi na kugeuka asidi dhaifu. Yakikuta jiwe la chokaa, au matumbawe ya kale kama yale ya Unguja, hupita kwenye nyufa na kuliyeyusha kidogo kidogo. Mandhari ya namna hii huitwa karsti, kutokana na Kras, nyanda ya mawe ya chokaa iliyoko Slovenia. Mwanajiografia Mserbia, Jovan Cvijić, aliichambua katika kitabu chake cha 1893. Shimo lenyewe likabaki na jina la dolina, ambalo kwa wanakijiji wa huko ni bonde tu.

Nasi tuazime kwa watu wetu. Wapo wanaosema "shimo la kuzama", ila shimo halizami. Ardhi ndiyo inayotitia. Napendekeza "shimo la mtitio", kwa kuwa kutitia hubeba hali zote mbili. Kuna mtitio wa polepole: mwamba huyeyuka chini, udongo ukashuka taratibu, pakabaki bonde la duara kama sinia. Na kuna mtitio wa ghafla: paa la pango hushindwa kubeba uzito, likaanguka na kuacha kuta za wima.

Utalitambuaje? Kwanza hakikisha mwamba ni wa chokaa: tone la asidi hafifu huufanya utoe povu. Kisha tazama maji. Kwenye karsti mito ya juu ni haba. Kijito hupotea ardhini, kikaibuka mbali kama chemchemi. Shimo lenyewe halina mlango wa kutolea maji juu ya ardhi, na mara nyingi miti iliyo ndani yake ni ya kijani zaidi kuliko ya pembeni.

Ukibaki na shaka, tafuta kifusi ukingoni. Aliyechimba kwa kawaida hurundika udongo kando. Shimo la mtitio halina rundo kando yake, maana jiwe lake liliondoka na maji.