Pengo na Kudumaa

Mtoto wa chekechea, wa PP2, akicheka, utaliona pengo. Jino la utoto limeng'oka, amelirusha juu ya paa kama alivyoambiwa, na baada ya miezi michache jingine limechomoza bila kuitwa. Neno hilohilo tumewaazima watu wa elimu: pengo la masomo kati ya tajiri na maskini au, kule Marekani, kati ya watoto Weupe na Weusi. Mimi silipendi. Linaahidi kwamba kitu kitaota chenyewe.

Huku Moi's Bridge, Kenya, wana neno bora, ila liko shambani. Mahindi yaliyokosa mbolea ya kupandia hufika magotini majani yamepiga zambarau, na mkulima hasemi yana pengo. Yamedumaa. Anajua pia kwamba hata akimwaga gunia zima la CAN, mbolea ya kukuzia, hayatawafikia wenzao.

Kliniki neno hilo hulisikii. Nilimsikia muuguzi, mtoto akiwa amelazwa kwenye ubao wa kupimia urefu, akisema, "Mama, urefu wake haujafikia umri wake."

"Amefuata babake, sista," mama akajibu, na foleni nzima ikacheka.

Ni rahisi kucheka, kwa kuwa udumavu hauonyeshi mbavu. Mtoto ameshiba ugali, katika mji uliozungukwa na mahindi. Alichokosa ni yai, maziwa, maharagwe, na maji yasiyomharisha kila mara. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka 2, ndipo ubongo unapokua mbio kuliko wakati wowote. PP1, mwanzo wa chekechea, huanza mtoto akiwa na miaka 4. Hiyo ni CAN.

Zamani mji huu ukiitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi, tofauti ilikuwa na rangi waziwazi: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na hospitali vivyo hivyo. Mtoto wa skwota alianza kuachwa nyuma kabla hajashika kalamu.

Baadaye nilimuuliza yule muuguzi kwa nini hakusema tu "amedumaa". Akafunga kijitabu cha kliniki. "Hilo ni la mahindi," akasema. "Ukimwambia mama hivyo, mwezi ujao haji."