Nyumba Mbili za London na Jina la Aggrey

Agosti 2025 Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi, WASU, ulitimiza miaka 100 tangu uasisiwe jijini London. Mwezi huohuo mpwa wangu aliingia kutoka Tanga kwa mafunzo ya wiki moja, akafikia hosteli ya bei nafuu katikati ya jiji: vitanda vya deka, watu wanane chumba kimoja, na kufuli la kabati ujinunulie mwenyewe. Usiku wa kwanza akanipigia simu hapa Edmonton, kaskazini mwa London. "Shikamoo mjomba. Huku watu wanakoroma kwa lugha nane."

Nilifurahi kumsikia akilalamikia makoromo. Alilipa, akapewa kitanda, basi. Hakuna aliyemtazama uso kwanza.

Miaka ya 1920 na 1930 mwanafunzi Mwafrika aliyeshuka London alizunguka na anwani mkononi mlango hadi mlango. Tangazo la chumba liko dirishani, lakini mama mwenye nyumba akifungua na kumwona, chumba kimeshapata mtu. Mahoteli nayo yalikuwa vivyo hivyo. Hata mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri wa Trinidad aliyekuwa mtumishi wa serikali wakati wa vita, alikataliwa na Imperial Hotel pale Russell Square ingawa alikuwa ameweka nafasi mapema. Alishtaki, akashinda mwaka 1944. Mahakama ikampa gini 5.

Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Abeokuta, Nigeria, aliyajua maisha hayo. Tarehe 7 Agosti 1925 yeye, Herbert Bankole-Bright wa Sierra Leone na wenzao waliianzisha WASU, na haja yao kubwa ikawa nyumba. Marcus Garvey aliwasaidia kwa muda mwaka 1928. Kisha Solanke akarudi Afrika Magharibi, akazunguka kuanzia 1929 hadi 1932 akichangisha kwa machifu na watu wa kawaida. Machi 1933 hosteli ikafunguliwa namba 62 Camden Road. Solanke akawa msimamizi, mkewe Opeolu akaishika nyumba na jiko, na wageni wakala wali wa jollof na mchuzi wa karanga katika mji ambamo karanga zilihesabiwa kuwa kitafunio tu.

Hapo ndipo ugomvi kati ya WASU na serikali ya Uingereza ulipowaka. Mwanahistoria Hakim Adi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1998 ndicho nilichokitegemea zaidi, anaueleza kwa kina, na kila nikiusoma nasimama upande wa wanafunzi. Wizara ya Makoloni ilikuwa na hofu: vijana hawa wangerudi makwao kuwa mawakili na madaktari, na London ilijaa watu wa siasa za mrengo wa kushoto waliokuwa tayari kuwasikiliza. Nyumba inayoendeshwa na Waafrika wenyewe, tena yenye ukumbi wa mijadala, haikuwapendeza maofisa. Badala ya kuisaidia ile ya Camden, wakapanga kufungua nyingine chini ya usimamizi wao, namba 47 Doughty Street, mlango unaofuata ile aliyoishi Charles Dickens, ambayo wakati huo tayari ilikuwa makumbusho.

Nyumba hiyo ilifunguliwa Oktoba 1934, wakaiita Aggrey House.

Msomaji wa Dar es Salaam analijua jina hilo kwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Dk. James Kwegyir Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, alipita Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika kwamba pale Dar es Salaam alikutana na Kleist Sykes akamhimiza Waafrika waunde chama chao. Chama hicho, African Association, kilianzishwa mwaka 1929, na katika ukoo wake ikaja kutoka TANU. Aggrey alipenda kusema kuwa muziki mzuri wa piano unahitaji vitufe vyeupe na vyeusi pamoja. Alifariki 1927, kwa hiyo hakuulizwa kama angekubali jina lake liwekwe juu ya mlango ule.

WASU haikukubali. Ilitoa kijitabu ikisema wazi kwamba lengo la serikali ni kuwatawala wanafunzi wa Kiafrika, ikatangaza kuisusia nyumba. Dk. Harold Moody wa League of Coloured Peoples, chama cha kutetea haki za Weusi Uingereza, aliiunga mkono Aggrey House, na Weusi wa London wakagawanyika kwa sababu ya vitanda. Lakini havikuwa vitanda tu. Swali lilikuwa ni nani anashika ufunguo, na nani anaandika jina la mgeni aliyekuja kuzungumza jioni.

Fedha ziliilegeza WASU. Hosteli ilikuwa na madeni, wakapatana na serikali, na mwaka 1938 wakahamia nyumba kubwa zaidi namba 1 South Villas, Camden Square, kwa michango iliyojumuisha ya makampuni yaleyale ya biashara waliyokuwa wakiyalaumu. Aggrey House ilifungwa na Wizara mwaka 1940, baada ya siasa zilezile zilizoogopwa kuingia ndani. Kwame Nkrumah, aliyekuja kuwa kiongozi wa Ghana, alifika London 1945 na kuwa makamu wa rais wa WASU. Solanke alifariki 1958.

Na sisi? Miaka ile watu wa Afrika Mashariki London walihesabika kwa vidole. Jomo Kenyatta alikuwa mpangaji namba 95 Cambridge Street, Pimlico, kuanzia 1933 hadi 1937, na kibao cha kumbukumbu kipo ukutani. Baadaye Dennis Phombeah wa Tanganyika alikuwa katibu wa Kamati ya Vyama vya Waafrika. Leo kando ya Fore Street nasikia Kiswahili cha Mombasa, cha Bukavu na cha Kismayu kabla sijafika sokoni Edmonton Green. Tuna vikundi vya kuzikana na vya harusi, tunachangishana vizuri sana. Nyumba ya kumpokea kijana wetu sijaiona, na inaniuma, maana Solanke aliizungukia miaka mitatu akiwa hana kitu.

Jumapili nilimpeleka mpwa wangu Doughty Street. Watalii walikuwa wamepanga foleni kwa Dickens. Tulisimama pembeni yao, nikamwonyesha namba 47, nikamweleza.

"Mjomba, ni yule Aggrey wa Kariakoo?"

"Ndiye."

Akaupiga picha mlango, akamtumia babu yake Tanga. Jioni tulipitia hosteli kuchukua begi lake, tukapanda basi la 149 hadi Edmonton. Siku tatu zilizobaki alilala kwangu, kwenye godoro sebuleni.