Tabora 1958: Umoja Uliobishaniwa

Januari 2028 mkutano wa chama cha TANU uliofanyika Tabora utatimiza miaka 70. Tumezoea kuambiwa kwamba Watanzania ni wamoja tangu asili, kana kwamba umoja huu uliota wenyewe. Lakini wajumbe wa Tabora waliubishania siku kadhaa, nusura chama kisambaratike.

Chanzo kilikuwa kura tatu. Serikali ya kikoloni ya Gavana Edward Twining iliweka masharti ya uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria: mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo kinachotambuliwa. Kisha achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Akimruka yeyote, kura yake imeharibika. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000, lakini viti viligawanywa sawa kwa sawa. Lilikuwa tusi la wazi, na wajumbe wengi walifika Tabora wameshakata shauri kususa.

Julius Nyerere, rais wa TANU, aliona hatari upande wa pili. TANU ikisusa, viti vinakwenda kwa UTP (United Tanganyika Party), chama kilichozaliwa 1956 kwa baraka za Twining.

Mwandishi Mohamed Said, katika kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, anaipa Tanga uzito ambao historia rasmi imeinyima. Anaeleza kwamba kabla ya Tabora Nyerere alipitia huko kutafuta wa kumuunga mkono, akiwamo Sheikh Abdallah Rashid Sembe, na dua ikasomwa Mnyanjani. Ukumbini Tabora, inasimuliwa, Nyerere alitoa mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe ambaye shamba lake linaliwa na wanyama, na njia ya kulifikia ni tope tupu. Akiogopa kuchafuka, mavuno yamekwenda. Kura zilipopigwa, waliotaka kushiriki walishinda.

Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa TANU, hakukubali. Alijitoa TANU akaanzisha African National Congress, chama cha Afrika kwa Waafrika. Ni dhuluma kumtaja kama msaliti tu, maana hasira yake ilikuwa ya haki na hesabu ya watu ilikuwa upande wake. Alichokosea ni kudhani rangi ndiyo uraia. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere, akapata chini ya asilimia 2 ya kura.

TANU na iliowaunga mkono walishinda uchaguzi wa 1958 na 1959. Derek Bryceson, Lady Marion Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa waliingia barazani kwa nguvu ya kura za Waafrika. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Nyerere alitishia kwamba serikali yote itajiuzulu. Muswada wa uraia ukapita bila ubaguzi wa rangi.

Baadaye yalifuata mengine: machifu walivuliwa mamlaka, na baada ya 1967 sensa ikaacha kuuliza kabila. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza chama cha kabila, dini, rangi au eneo moja, hivyo chama cha Mtemvu kisingesajiliwa leo. Lakini swali lake halijafutwa na sheria: Mtanzania mwenye asili ya Kihindi akigombea ubunge, bado hakosekani wa kuuliza kwao ni wapi.