Kisiwa ambacho kila mtu alitoka pengine

Sisi watu wa Bule, ziwa tunalijua kwa samaki. Linatufikia katika mabeseni ya akina mama wanaopanda kutoka Tchomia na Kasenyi, samaki wa chumvi, wakavu, wamefungwa kwa majani ya mgomba. Kwenda ziwani kwa kupumzika tu, bila biashara wala msiba, wazee wetu wangeona ni wazimu. Lakini mwezi wa nane 2016, wakati Djugu ilikuwa ingali tulivu, tulichukua jamaa nzima, watoto wanne na bibi yao, tukapanda ndege Bunia mpaka Goma, kiisha mashua mpaka Idjwi. Mmoja wetu alikuwa amealikwa na rafiki wa zamani wa masomo. Tukasema, twende wote.

Idjwi iko katikati ya Ziwa Kivu. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika ni cha pili kwa ukubwa, kinafuata Ukerewe. Watoto waliogopa maji siku ya kwanza, maana kwetu Ziwa Albert lina mamba na viboko. Mwenyeji wetu akacheka: katika Kivu hakuna mamba, hakuna kiboko. Kuna gesi tu, huko chini kabisa. Siku ya pili hatukuweza tena kuwatoa majini.

Usiku tulisikia wavuvi wa sambaza wakiimba ndani ya mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, taa zao kama kijiji kilichohamia juu ya maji. Tuliambiwa sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi hata samaki wa kule ana historia ya kuhama.

Na ndiyo habari tunayotaka kuandika hapa.

Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu, alitupeleka kila jioni kwa wazee. Tulikuwa na maswali yetu ya kawaida ya Ituri: nani mwenye ardhi, nani alifika kwanza? Jibu la kwanza lilikuwa jepesi: Bambuti. Hilo kila mtu analikubali, ingawa leo hao waliofika kwanza ndio wenye mashamba madogo kuliko wote, na wengi wao hawana kabisa. Neno hilo wazee walilisema kwa sauti ya chini. Lakini baada ya Bambuti, kila ukoo ulitaja ng'ambo yake. Hawa walitoka upande wa Rwanda, wale Buhavu, wengine upande wa Bushi. Mwami naye mgeni: Mwendanga, wa ukoo wa Basibula, alivuka kutoka bara, na ufalme wa Idjwi ulianza naye mwanzoni mwa karne ya 19.

David Newbury, Mmarekani aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1970, ameandika juu ya mambo haya kitabu kilichotoka 1991. Tulikisoma baadaye, na kimetusumbua. Anaonyesha kwamba koo hazikuvuka maji zikiwa tayari zimekamilika kama mizigo iliyofungwa. Watu walifika vikundi vidogo vidogo, na ni pale kisiwani, kwa kuishi na wengine na kwa kupewa kila kundi kazi yake mbele ya mwami, ndipo wakawa ukoo. Katika Muganuro, sherehe ya mavuno ya kwanza, ukoo huu una kazi hii na ule una ile. Mwami bila hao si mwami. Nao bila sherehe hiyo, sijui, pengine wangekuwa majirani tu.

Utulivu wa Idjwi si wa siku zote, tusidanganyane. Rwabugiri wa Rwanda alikipiga kisiwa, mwami Kabego mwana wa Mwendanga akauawa, na utawala wa Rwanda ulikaa mpaka Rwabugiri alipokufa 1895. Wazungu nao waligombana: mapatano ya 1910 yalikiweka upande wa Kongo, Wajerumani wakakikamata 1914, Wabelgiji wakakirudisha 1916. Wakaja na mashamba ya kahawa na kwinini. Lakini vita vilivyoanza 1996, vilivyoteketeza nchi ng'ambo, kwa miaka mingi vilikipita kando.

Kuna visiwa vingine vya namna hii duniani. Katika Ziwa Michigan, Marekani, kiko kisiwa cha Washington, ambako watu wa Iceland walianza kufika 1870, wakavua samaki na kukata miti. Wenzao walikwenda Ziwa Winnipeg, Kanada, tangu 1875, mwaka ambao volkano ilifunika malisho ya kwao kwa majivu. Kisiwa kimoja huko kinaitwa Hecla, jina la mlima wa moto wa nyumbani. Wajukuu wengi leo wanaongea Kiingereza tu. Lugha ilikwenda, jina la mlima likabaki.

Jioni ya mwisho, mtoto wetu wa tatu, msichana wa miaka kumi, akauliza mbele ya watu: « Papa, na sisi tulitokaka wapi? »

Tulijibu haraka: Bunyoro, ng'ambo ya Ziwa Albert, babu zetu walikuja na ng'ombe. Akauliza tena: « Sasa juu ya nini tunaongeaka Kilendu? »

Bibi yake akanyamaza. Sisi wote tukanyamaza. Maana ndiyo kweli: sisi Wahema wa kaskazini tulikuja na ng'ombe wetu, tukaoa, tukaolewa, na tukaanza kuota ndoto katika lugha ya jirani. Kati ya 1999 na 2003 watu waliuana kwa jina la mgawanyo huo, wakitukanana katika lugha moja. Mtoto alikuwa ameona kitu ambacho sisi wakubwa tulikuwa tumezoea kukiruka.

Mwisho wa 2017 vita vilirudi Djugu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022, watu karibu sitini, wakimbizi tayari, waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule. Sisi tulikuwa tumekwisha kukimbilia Bunia.

Huko Bunia, msichana yule alianza kuandika katika daftari majina ya mababu, bibi akitaja. Jina la sita lilikuwa la mwanamke. « Huyu alikuwa Mulendu, » bibi akasema. « Ni yeye alinyonyesha baba ya babu yako. Andika. »

Akaandika.