Stelingi Hafi: Safari ya Kaoboi Hadi Migori na Homa Bay

Mwaka 2025 filamu ya Kihindi iitwayo Sholay, iliyotolewa tarehe 15 Agosti 1975, ilitimiza miaka 50, na katika maadhimisho hayo ikaonyeshwa mjini Bologna, Italia, pamoja na mwisho wake wa asili ambao wakaguzi wa serikali ya India waliukataza, ambamo Thakur asiye na mikono anamwua jambazi Gabbar Singh kwa miguu yake badala ya kumkabidhi kwa polisi. Habari hiyo ilipita huku Nyanza, Kenya, bila ya mtu kuitia maanani, nami naona si haki, kwani Sholay ni jamaa wa zile picha za kaoboi zilizolea vijana wa Migori na Homa Bay.

Kwamba kaoboi alizaliwa Marekani na kutukuzwa na mwongozaji John Ford, hilo lajulikana. Kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu ni ugomvi wa Mjapani na Mtaliano. Akira Kurosawa, aliyemhusudu Ford, alitoa Yojimbo mwaka 1961, hadithi ya mpiga upanga asiye na bwana, aingiaye katika mji uliogawanyika makundi mawili hasimu, akayachezea yote mawili hata yakaangamizana. Mwaka 1964 Sergio Leone, bila ya kuomba idhini, akaitwaa hadithi ile ile, akamvua shujaa upanga, akamvika bastola na joho, akampa sura ya Clint Eastwood, akapiga picha zake Hispania na kuiita Per un pugno di dollari. Kurosawa akamwandikia barua kumwambia kwamba filamu ni nzuri sana, ila ni yake yeye Kurosawa. Leone akajitetea kuwa kisa hicho ni cha kale, kiko hata katika tamthilia ya Goldoni wa Venice. Lakini utetezi haukumfaa, na suluhu ikawa Wajapani wapewe asilimia 15 ya mapato ya dunia nzima pamoja na haki ya kuisambaza kwao. Marekani yenyewe, nchi ya kaoboi, haikuionyesha hadi mwaka 1967.

Vivyo hivyo, hadithi ya mashujaa wa kukodiwa wanaolinda kijiji, ambayo Kurosawa aliifanya mwaka 1954 na Wamarekani wakaigeuza ya kaoboi mwaka 1960, ikafika India, na Salim Khan na Javed Akhtar wakaiandika upya kwa ajili ya Ramesh Sippy, aliyeipiga picha kwenye majabali ya Ramanagara, ikawa Sholay.

Huku kwetu hatukuwa na studio wala fedha za kutengeneza filamu upya, basi tukaigeuza kwa ulimi. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha kibanda cha video mjini Migori hakukubali tuzungumzie waigizaji. Kwake yeye, mvuvi wa Homa Bay na mchimba dhahabu wa Macalder hawakulipa kiingilio kwa ajili ya picha, bali kwa ajili ya sauti ya mfasiri aliyeketi juu ya picha hiyo, akimpa kila mtu jina, nasaba na tabia ambazo mtungaji hakuziwaza. Watanzania walikuwa na mfasiri Lufufu, nasi tukawa na DJ Afro, na shujaa, awe Mwamerika, Mchina ama Mhindi, akaitwa stelingi, na sharti la kwanza la hadithi likawa kwamba stelingi hafi.

Siku hizi simu zimewatawanya watazamaji, na vibanda vimepungua.

Hata hivyo nasema waziwazi kwamba ufasiri ule ni fasihi simulizi, na kuuacha upotee ni aibu yetu. Kweli, wafasiri wetu, kama Leone, aghalabu hawakuomba idhini ya mtu. Lakini Kurosawa alilipwa kwa kuwa filamu yake ilikuwepo, imehifadhiwa, ya kuwekwa mezani mbele ya mdaiwa. Siku mgeni atakapoutwaa usimulizi wetu na kuuita wake, tutaweka nini mezani, ilhali kanda zimeliwa na ukungu na sahani zimekwaruzika katika masanduku ya vibanda vilivyofungwa?