Dokumentari ya Taswira

Filamu inayomhusu mtu mmoja, awe mwimbaji, mwandishi au mwanaharakati, kwetu huitwa filamu ya wasifu. Jina hilo hupewa hata ile iliyoigizwa mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana mtu huenda kutazama akitarajia kitu kimoja, akakuta kingine kabisa.

Wasifu ni ndugu wa sifa, na una utaratibu wake. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alimfuata mwimbaji huyo tangu kuzaliwa kwake Fumba, Unguja, na hakuona haya kumsifu. Siku hizi wasifu ndio karatasi ya kuombea kazi, na ndio unaosomwa msibani: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma, akaajiriwa, akaugua, ameacha watoto kadhaa. Anayesikiliza hutaka tarehe, na hutaka mema.

Sasa mchukue Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013. Mwaka aliozaliwa hakuujua kwa hakika, kwa hiyo wasifu wake unakwama kwenye mstari wa kwanza. Filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006, As Old as My Tongue, haikwami hapo. Jina lenyewe linasema umri wake ni sawa na wa ulimi wake, basi. Kinachobaki mbele ya kamera ni mwanamke wa taarabu na unyago, mwenye sauti nzito na ngoma yake, aliyeishi apendavyo katika mji unaomtaka mwanamke ajisitiri.

Hiyo ndiyo aina ya dokumentari ninayoizungumzia. Mtengenezaji huchagua upande mmoja wa mtu, akakaa nao hadi tabia yake ionekane. Nyenzo zake ni mahojiano, picha za kumbukumbu, barua, sauti ya msimulizi, na pengine kumfuata tu mhusika akiendelea na shughuli zake. Mengine yote huachwa, na kuacha huko si uzembe.

Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyekulia Kongo, anaijua kazi hii kuliko wengi. Mwaka 1990 alitengeneza dokumentari juu ya Patrice Lumumba bila kufika Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Sehemu kubwa ya picha zake ni za Brussels, na juu ya picha hizo anasimulia mambo aliyoyasikia kwa mama yake. Mwaka 2016 akatoa I Am Not Your Negro, juu ya mwandishi Mmarekani James Baldwin. Humo hakuna rafiki wala profesa anayeketi kutueleza Baldwin alikuwa nani. Maneno ni ya Baldwin mwenyewe, mengi yakitoka katika muswada wa kurasa 30 hivi alioacha bila kuumaliza, juu ya wanaharakati Medgar Evers, Malcolm X na Martin Luther King, wote watatu rafiki zake, wote waliouawa. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilimfungulia Baldwin jalada lililofikia kurasa 1,884. Ukilisikia jalada hilo likinukuliwa katika filamu, unaelewa ujasiri wake ulikuwa na gharama gani. Hakuna haja ya kuambiwa kwamba alikuwa jasiri.

Kwa kazi ya namna hii napendekeza jina dokumentari ya taswira. Najua walimu wa fasihi watalalamika, maana kwao taswira ni picha zinazojengwa na maneno ya mshairi. Walalamike, huku pia ni kuchora mtu akilini mwa mtazamaji, na neno halina deni la kusifu wala la kuhesabu miaka. "Picha ya mtu" ni Kiswahili kizuri, lakini msomaji atawaza pasipoti. Wasifu tuuachie filamu zinazoanzia utotoni na kuishia kaburini, nazo ni nyingi. Wanaoandika ratiba za matamasha na televisheni wazitenge aina hizi mbili, mtazamaji ajue mapema anakwenda kuona nini.